Shuka la Njano Upande Wangu wa Ukuta

Jumanne, 22 Novemba 2022

Kombe la Dunia tumelianza vibaya: tumefungwa na Saudi Arabia, mbili kwa moja. Sikuangalia. Mimi na mpira tuliachana miaka minne iliyopita, siku mama alipokata roho hospitalini. Nilikuwa peke yangu, nimemshika mkono, na mdogo wangu Hugo, mwanawe wa kiume wa pekee, yuko uwanjani anashangilia. Nilimwambia hana moyo, mbele ya jeneza, watu wote wakisikia. Mwezi uliofuata akajenga ukuta katikati ya nyumba ya mama — yeye upande wa nyuma, mimi upande wa barabarani. Hata ua umegawanywa. Hatujasemezana tangu hapo.

Leo, kwenye duka la miwani ninakofanya kazi, hakuna aliyekuja kupima macho. Mji mzima kama umefiwa. Nilidhani nitafurahi. Wapi.

Jumamosi, 26 Novemba

Leo ilikuwa Mexico. Nikafua makusudi, ili mashine ya kufulia inizibe masikio. Niko uani naanika shuka la njano, mara upande wa pili ukalipuka — goli! Kichwa cha wifi yangu Stella, mke wa Hugo, kikachomoza juu ya ukuta. Sijui alipanda nini.

— Wifi, ulikuwa unafanya nini sasa hivi?

— Naanika.

— Basi Hugo anasema usiondoke hapo. Alikwenda kuchukua barafu, akakuona kupitia dirisha la juu, na mpira ukaingia. Anasema anika tena.

Nikamwambia shuka limeshaanikwa. Akasema nilianue, nianze upya. Mimi huyu, mwanamke wa miaka hamsini na minane! Nikalianua. Nikaanza upya. Bao la pili.

Miaka minne, na neno la kwanza la Hugo kwangu ni hilo: usiondoke hapo. Nimeingia jikoni nikalia. Siwezi kujidanganya humu daftarini, nimelia.

Jumatano, 30 Novemba

Poland. Sasa kuna masharti: shuka lile lile, limelowa, vibanio vile vile, na mimi nisitazame runinga hata kidogo. Bosi kaniruhusu kutoka mapema bila swali. Yeye mwenyewe hajabadili soksi tangu Jumamosi, na duka linajua.

Kipindi cha kwanza tukapewa penalti, tukakosa. Stella akachomoza kuulizia vibanio. Ikabidi niseme ukweli — kimoja kilikuwa kipya, cha bluu. Nilisikia Hugo akiguna mpaka huku. Nikakitoa. Kipindi cha pili kilipoanza tu, goli. Baadaye la pili.

Siamini mambo haya. Ila kibanio cha bluu nimekitupa.

Jumamosi, 3 Desemba

Australia, mbili kwa moja. Nimeanza kuja na stuli na daftari hili, maana kusubiri ni kurefu. Nasikia runinga yao kupitia dirisha na nusu ya maneno siyaelewi. Nikamuuliza Stella kuotea ni nini hasa. Akasema ni kama mgeni anayefika mezani kabla hajaitwa. Ndani sauti ikasema:

— Acha kumdanganya. Dada, mpira unapopigwa, lazima kati yako na goli wawepo wapinzani wawili. Kipa akiwa mmoja wao, anahitajika mwingine.

Dada. Kaniita dada.

Nilikuwa nimeelewa. Nikasema sijaelewa, arudie. Akarudia, polepole, kama alivyokuwa akimweleza mama.

Ijumaa, 9 Desemba

Uholanzi.

Tulikuwa mbele mbili bila. Stella alishanipitishia sahani ya empanada, sambusa zetu za nyama, juu ya ukuta. Halafu wakarudisha moja, na mechi inakwisha kabisa wakarudisha la pili. Muda wa nyongeza, hakuna kitu. Penalti.

Mlango wao wa uani ukafunguka. Nikasikia harufu ya sigara. Hugo hawezi kutazama penalti, tangu utotoni alikuwa akijificha bafuni. Nikabaki nimeshika kona ya shuka. Ukuta ule si mnene, nilimsikia akipumua.

— Siku ile mama alinifukuza, Hugo akasema. Hakuanza na salamu wala nini.

Nikasogeza stuli karibu na ukuta.

— Nilitaka kubaki. Akaniambia nenda, ukirudi utanisimulia. Nikakaa mpaka filimbi ya mwisho ili nisimsimulie nusunusu.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ulikuwa unalia.

Mtaa mzima ukapiga yowe. Tumepita. Stella akamwita Hugo, naye akaingia ndani. Mimi hata sikuuliza nani kafunga.

Jumapili, 11 Desemba

Sijala vizuri siku mbili. Nilimwita mtu asiye na moyo, mbele ya mama yake akiwa kwenye jeneza. Nataka kumwomba radhi nikimtazama usoni. Si kupitia ukuta.

Jumanne, 13 Desemba

Croatia, tatu bila. Tumo fainali!

Nikamwomba Stella: Jumapili niruhusuni nikae ndani nanyi. Akanitazama kama nimetukana.

— Baada ya fainali, wifi, utakaa mpaka utuchoke. Ukivuka sasa na tukafungwa, hapa mtaani tutahama.

Hugo alikuwa anasikia. Akaongeza sauti ya runinga. Ninawaelewa, na imeniuma vile vile.

Jumapili, 18 Desemba

Saa sita mchana imeanza. Jua kali, shuka linakauka haraka, nimelilowesha mara tatu.

Mapumziko. Mbili bila! Majirani wanapiga masufuria.

Ufaransa wamerudisha. Yote mawili, mimi nikibadilisha kona moja tu ya shuka. Stella anauliza nimefanya nini. Namwambia sijafanya kitu.

Muda wa nyongeza. Tatu kwa mbili. Nimepiga magoti uani.

Tatu kwa tatu. Penalti tena. Nikatega masikio kusikia mlango wao wa uani. Kimya. Badala yake nikasikia kengele ya mlango wangu wa barabarani.

Ni Hugo. Kazunguka mtaa mzima kwa miguu, amevaa kandambili. Ana mvi nyingi kuliko nilivyodhani.

— Dada, njoo tukae wote.

— Na shuka?

— Liache.

— Hugo, tukifungwa je?

— Tukifungwa tumefungwa.

Nilitaka kumwambia yale yote niliyopanga tangu Ijumaa ile. Nimesema tu, subiri nivae viatu. Viatu nimevaa tangu asubuhi. Nimekimbilia huku uani, naandika daftari likiwa juu ya mashine ya kufulia, kwa sababu sijui niwaze nini.

Stella yuko juu ya ukuta, machozi yanamtoka. Ananiambia, wifi, nakuomba, shika shuka, mume wangu kachanganyikiwa. Anasema refa ameshawaita manahodha, anarusha sarafu. Anasema wapigaji wanajipanga. Anasema mtu wetu wa kwanza anakwenda kwenye mpira sasa, na Hugo mbona harudi nyumbani.

Kutoka hapa namwona. Yuko mlangoni, ameegemea, ananisubiri.