Bastola ya Salim na Kopo Langu la Pilipili

Jumatatu, 5 Aprili 1999

Nimepiga pasi shati la Salim, lile la buluu. Nimelinusa kabla ya kulitundika. Mume wangu! Tuna wiki sita na neno hili bado linanichekesha peke yangu. Chai ya tangawizi, chapati mbili, akaondoka na teksi yake kwenda uwanja wa ndege. Hapa Euless, Texas, ndege zinapita juu ya dari letu kutwa. Nazipenda. Kila moja huenda imemletea abiria.

Karudi mapema. Dereva mwenzake kashikiwa kisu shingoni na abiria, teksi imechukuliwa. Yu hai. Salim hakula. Nimemshika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumatano, 7 Aprili

Sina raha. Nafagia palipokwisha kufagiwa. Salim anataka bastola. Mie nataka abebe dawa ya pilipili, kile kikopo cha kupuliza machoni. Anasema ndani ya gari, vioo vimefungwa, pilipili itampofua yeye kwanza. Kweli. Nasema mwizi akiinyakua bastola itamgeukia mwenyewe. Kweli pia. Ugomvi wetu wa kwanza, kama ule ni ugomvi. Baadaye alinikanda miguu.

Jioni akaja Hamadi, binamu yake, mtoto wa mjomba wake. Kwa hiyo ni mtani wake. Hakuna asiloruhusiwa kusema wala kufanya.

"Bastola? Huyu? Shemeji, huyu kule Unguja alikuwa akikimbizwa na bata!"

Salim akajibu kwamba bata yule alikuwa na sura ya Hamadi. Nimecheka mpaka nikaomba maji. Jamani, meno ya Salim akicheka!

Jumamosi, 10 Aprili

Tumekwenda dukani pamoja. Bastola zimepangwa kwenye kabati la kioo kama mikufu ya sonara. Muuzaji, mzee mpole, akaniwekea moja kiganjani. Nzito. Baridi. Sikuipenda. Kisha nikaitazama shingo ya Salim, shingo yake nzuri ile, nikafikiria kisu. Nikasema haya, nunua.

Mie ndiye niliyesema.

Nikachukua na kopo langu la dawa ya pilipili. Nimelijaribu jikoni, mjinga mie, nikidhani ni kama pilipili ikiungua sufuriani. Tumetoka mbio, tunakohoa, machozi tele, tumeshikana viuno. Jirani akatupa pole. Alidhani tumefiwa.

Jumatatu, 12 Aprili

Hawezi kutembea nayo kabla ya darasa la leseni. Kwa hiyo inalala chini ya mto wa kochi, na risasi ndani. Siketi kwenye kochi lile. Nakula nimesimama.

Alhamisi, 15 Aprili

Nyumba bado inanuka moshi. Naandika hivyo hivyo.

Mchana. Salim kasinzia kwenye kochi baada ya kazi. Mie jikoni, nakaanga vitunguu. Mlango wa kioo wa barazani tuliuacha wazi, joto. Mtu akaingia kwa huko. Kajifunika uso kwa kanga yangu, kaichomoa kwenye kamba ya nguo. Sauti nzito ya kizungu: "Mikono juu!"

Salim akaamka na bastola mkononi. Sikuona alivyoitoa. Imeelekea kifuani mwa yule mtu, kidole kwenye kifyatulio.

Nikatazama chini. Makubadhi. Hapa Texas nzima ni nani mwingine anavaa makubadhi ya ngozi? Nikapiga kelele: "Hamadi! Ni Hamadi!"

Hakufyatua. Alhamdulillahi, hakufyatua.

Hamadi alianza kucheka, kanga ikamwanguka, akaliona tundu la bastola. Kicheko kikakatika. Akaketi sakafuni. Salim kaiweka mezani, kaenda chooni kutapika. Vitunguu vikaungua.

Ningekuwa mjane. Hapana, siyo mjane. Ningekuwa mke wa mtu aliyemuua mtoto wa mjomba wake kwa utani. Na bastola nilikubali mie.

Ijumaa, 16 Aprili

Salim ameirudisha dukani. Hakuniuliza, nami sikuuliza.

Jumapili, 18 Aprili

Salim ataendesha na kioo cha upande wake wazi, kopo la pilipili mlangoni. Hajui kama litatosha. Mie pia sijui. Leo nimemwombea dua ndefu zaidi.

Alasiri Hamadi alipiga hodi, akasubiri mpaka afunguliwe. Akamwita Salim "ndugu yangu". Akaketi magoti pamoja, macho chini. Hata matangani watani hufanya mzaha. Sisi tulisikia saa ya ukutani tu.

Sikuvumilia. Mie mgeni katika ukoo huu, sijawahi kuthubutu kutania. Nikasema: "Hamadi, mbona umekaa kama mwari anayesubiri kuposwa?"

Akainua macho. Akamtazama Salim kwanza.

"Mahari yangu hamuiwezi, shemeji."

Salim akatabasamu, kidogo tu. Nikamimina kahawa. Tukanywa, watatu, kwenye kochi.