Upande Mmoja wa Meza

Mwanangu Kifungo,

Barua hii ikukute mzima, unakula vizuri, unalala, na baridi ya huko imeacha kukutafuna vidole. Mimi sijambo. Goti la kushoto bado lina visa vyake, lakini usiliulizie sana, likiulizwa linadeka. Mumeo naye ni mzima, hana hata mafua. Nilipita nyumbani kwenu wiki iliyopita, nikakuta maua yako yanamwagiwa maji mpaka yanataka kuogelea. Nikamwambia mumeo ayahurumie.

Barua nitampa mwenzako wa maabara aliyekuja likizo, anarudi huko kesho Jumanne. Ningeweza kukupigia simu, najua. Lakini yapo maneno ambayo nikiyaanza kwenye simu nitakohoa, nitasema mtandao mbaya, nitakata. Najijua. Kwa hiyo keti, jitengenezee chai, usome mpaka mwisho, na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka kwenye kitabu cha shule ukidhani sikuoni.

Najua unachokingoja. Wiki tano zilizopita ulinituma. Ulisema wakubwa wako wanataka ubaki huko miaka mitatu zaidi, kazi unaipenda, na mwisho wa mwezi huu lazima uwape jibu. Ulisema huna uso wa kumwomba mumeo ahame tena kwa ajili yako, maana aliwahi kuacha kazi nzuri akakufuata mji huu, na mkaahidiana kwamba itakuwa mara hiyo moja tu. Ukaniomba nimpime mimi, kwa kuwa ananisikiliza. Nitakupa jibu. Ila bila habari ya Jumamosi hutanielewa, na nataka unielewe kabla hujanikasirikia.

Ulipoondoka ulimwagiza mumeo asiniache nile peke yangu siku za mapumziko. Ulisema tu, kama watu wasemavyo wakiagana. Lakini yule bwana ni fundi wa lifti. Ukimpa agizo analifuata mpaka nukta ya mwisho. Jumamosi ya kwanza, saa saba mchana, huyo mlangoni, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. Mimi nina gauni la kufulia na povu mpaka viwikoni. Akasema amekuja kunichukua tukale nje. Nikamwambia nina sufuria nzima jikoni. Akasema sufuria haina miguu, tutaikuta.

Akanipeleka mkahawa wa Kiitaliano ulio chini ya jengo moja la ofisi, ambalo lifti zake anazitunza yeye. Kifungo, mimi nimeshona sare za shule miaka thelathini na moja, chakula cha mchana nikila nimeegemea ukuta ili nisidondoshee kitambaa cha watu mafuta. Kitu cha kwanza nilichofanya pale ni kupindua kitambaa cha meza, kile cha miraba myekundu na myeupe, nikaangalia upindo. Mshono ovyo! Umeruka kila baada ya vidole viwili. Mhudumu, mzee mmoja mwenye mvi na mikogo, akadhani nimedondosha hereni. Akainama chini ya meza kunitafutia. Nami kwa kuona haya kumwambia ukweli, nikamwacha atafute.

Ni huyo huyo aliyekuja baadaye na kinu cha pilipili manga kirefu kama mguu wa kiti. Akaanza kusaga juu ya sahani yangu, akaniambia nimwambie ikitosha. Sasa mimi nitamkatizaje mtu mzima kazi yake? Nikanyamaza kwa adabu, naye akasaga kwa adabu. Akasaga weee, mpaka mchuzi ukageuka rangi, na mumeo ndiye aliyemshika mkono akamwambia basi. Nilikula nikipiga chafya. Tangu siku hiyo tunamwita Bwana Kinu.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa tambi zao, zile ndefu, spageti. Zinataka uma uzungushwe, na mwishoni zinataka kuvutwa, na zikivutwa zinapiga kelele na kurusha mchuzi. Mkwe wangu ameketi mbele yangu, ananitazama usoni kwa heshima zote, na mimi nina uzi wa tambi unaning'inia kidevuni! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaziacha robo tatu, nikasema nimeshiba, nikarudi nyumbani nikafunua sufuria yangu.

Wiki iliyofuata nikaagiza lasanya, ambayo hukatwa kwa kisu kama keki na haimuumbui mtu. Iliyofuata, lasanya. Miezi miwili ni lasanya tu, na macho yangu yako kwenye sahani za majirani. Mumeo akayaona. Halafu Jumamosi moja, kwenye mkahawa mwingine wenye tanuri la kuni lililo wazi, akaomba tuketi upande mmoja wa meza, sote tumeelekea tanuri, akidai anapenda kuwatazama wapishi wakirusha unga wa piza hewani. Akaniagizia spageti bila kuniuliza. Na muda wote niliokuwa nakula, mwanangu, hakugeuza shingo hata mara moja. Alinisimulia habari za lifti huku anautazama moto. Nikavuta tambi zangu nipendavyo, mchuzi mpaka puani. Nilipomaliza akanisogezea kitambaa cha kujifutia, bado anatazama mbele. Siku ile nikampenda kama niliyemzaa. Tena wapo niliowazaa ambao hawajaniwazia hivyo hata siku moja, na wewe unajua namsema nani, maana kaka yako hata kunipigia simu mpaka akumbushwe.

Basi tukawa tunaizunguka mikahawa ya Kiitaliano ya mji huu, mmoja baada ya mwingine, kama wakaguzi. Ile ya kifahari yenye mishumaa hatuitaki. Tunapenda ile ya watu wa kawaida, yenye watoto wanaolia na viti visivyolingana. Mimi nautolea kila mkahawa alama za upindo, choo na lasanya. Yeye anatoa alama za milango: ukifungwa unabamiza au unajifunga taratibu. Tumegombana kuhusu zeituni, yeye anazipenda, mimi nasema zina ladha ya maji ya bahari yaliyosahauliwa kwenye ndoo. Na kila wakileta tiramisu, ile keki yao ya kahawa, anakata kipande cha tatu, anakiweka kando, kisha anakila mwenyewe akisema amekula kwa niaba yako. Nimemwambia kwa mtindo huo utanenepa huko bila kujua sababu.

Habari zenu mbili nimezijua pale. Najua ulivyomwaga chumvi kwenye supu ya mama yake siku ya kwanza kabla hujaionja. Najua unavyozungumza usingizini ukihesabu chupa za maabara. Anayasema hayo huku anacheka peke yake, mpaka watu wa meza nyingine wanatutazama.

Sasa nije kwenye lile ulilonituma. Nilikuambia kwenye simu kwamba nimekwisha zungumza naye. Nilisema ameguna, anafikiria, umwache apoe, wala usimtajie mpaka akutajie mwenyewe. Ukanitii. Wiki tano mkipiga simu mnazungumzia mvua na maua, na kila Jumapili ukiniuliza amesemaje, nakujibu bado anafikiria.

Juzi Jumamosi tulikuwa kwa Bwana Kinu, upande mmoja wa meza kama kawaida yetu. Chakula kikaja, mumeo hakukigusa. Akakaa akikunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza, mpaka nikamuuliza kulikoni. Akaniuliza, huku anatazama mbele, kama najua alikukosea nini. Akasema siku hizi unamjibu neno moja moja, kwamba amekuuliza mara mbili kama kuna jambo na mara mbili umesema hakuna. Akasema ameanza kudhani umempata mtu huko. Na kama ni hivyo, yuko tayari kuambiwa, ila asiambiwe na simu, aambiwe na mimi. Nikaweka uma chini.

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Haya, nimechutama. Sikumwambia, Kifungo. Sikumwambia hata siku moja. Hakuguna, hakufikiria, maana hakuwa na la kufikiria. Aliyekuwa anafikiria ni mimi.

Haki ya Mungu, Jumamosi ya kwanza baada ya wewe kunituma nilikwenda nimejipanga, maneno yote nimeyapanga njiani. Meza ya jirani wakaanza kumwimbia mtoto wimbo wa kuzaliwa, nikajiambia wiki ijayo. Ya pili alikuwa hoi, ametoka kuwaokoa watu saba waliokwama kwenye lifti, nikasema nisimwongezee. Ya tatu sikuwa na kisingizio chochote. Nilinyamaza tu nikala. Nilijua nikifungua mdomo atakufuata, maana namjua, huyo hana hata haja ya kufikiria. Lifti ziko kila mahali, na wewe uko mahali pamoja tu. Nami nitabaki na kuta zangu nne. Tangu baba yako afariki sikuwa na siku hata moja ya wiki ninayoamka nikiifurahia. Nikaipata, na ikanishinda kuiachia. Nikasema Jumamosi moja tu nyingine. Kisha nyingine. Na kila moja niliyojiibia mimi, ninyi wawili mlilala na huzuni.

Nikamwambia yote palepale. Akaniuliza jambo moja tu: yaani wiki tano mke wake anadhani amemkatalia? Nikasema ndiyo. Akainuka, akatoka nje. Nikamwona kupitia kioo, amesimama kando ya vyungu vya maua, mikono mifukoni, hatikisiki. Bwana Kinu akaja na kinu chake, akaniona uso, akarudi nacho alikotoka.

Alinirudisha nyumbani. Mlangoni akasema yeye hatanishitaki kwa mwanangu. Nikuandikie mwenyewe, kwa mkono wangu, na hatakutajia lolote kwenye simu mpaka Jumatano barua iwe imekufika. Halafu akaaga. Hakuniita mama, Kifungo. Miaka sita yote hajawahi kuniaga bila kusema mama. Niliingia ndani nikakaa kwenye kiti bila kuvua viatu, nikalia kama mtoto. Nikajiambia, umri wote huu, na bado huna akili.

Jana Jumapili, asubuhi, nikasikia hodi. Yeye si mtu wa Jumapili, nikajua amekuja kunimalizia. Nikafungua. Akasema, mama, lile begi kubwa la mke wangu bado liko juu ya kabati lako? Kwanza nililisikia lile neno mama, begi nikalielewa baadaye. Akapanda kwenye kiti akalishusha mwenyewe. Nilikuwa nimelijaza vipande vya vitambaa, tukavimwaga vyote kitandani, tukacheka jinsi nilivyo mchoyo hata wa viraka. Akajaribu zipu, ikakwama. Nikamwambia aniachie.

Jibu lake ni lake, atakupa kwa kinywa chake, na mimi sitamwibia hilo tena. Mimi nimekueleza tu alichokuja kuchukua.

Nisamehe, mwanangu. Nisamehe si kwa sababu mimi ni mzee na mpweke, wapo wazee wapweke wengi wasiodanganya watoto wao. Nisamehe tu. Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Mpigie mumeo. Mwambie unataka kubaki, umwambie sasa hivi, na umwombe kama mke anavyomwomba mumewe, bila kumtuma mtu. Mimi utanipigia ukipoa, na ukiamua kunifokea, fokea, nitasikiliza wala sitasema mtandao mbaya.

Wasalimie wenzako wa maabara, hasa huyu aliyebeba barua; ana uso mwema, mpe chai. Vaa soksi mbili. Majirani wote wanakusalimu, na yule wa ghorofa ya juu anauliza utaleta lini wajukuu, nimemwambia ashughulike na bomba lake linalovuja.

Sasa naiacha kalamu, maana zipu ya begi nimeitoa yote, na ile mpya bado iko mezani. Nataka niishone kabla giza halijaingia, mshono mara mbili, isije ikamkwamia njiani.

Ni mimi mama yako, mwenye kosa, na mwenye mapenzi yaleyale.