Siqua ya Poldi

Jumatatu, 12 Januari 1920
Leo Daktari Hruby katufundisha sisi wauguzi neno jipya: siqua. Eti "si" ni urefu wa mtoto akiwa ameketi, "qua" ni mraba. Zidisha urefu huo kwa huohuo, unapata eneo la utumbo wake, ile ngozi ya ndani inayonyonya chakula. Kwa hilo tunajua ale kiasi gani. Nikauliza, kwa nini tusiseme utumbo tu? Akacheka – neno la sayansi halinuki, Sista Hermine! Nimelipenda. Vienna nzima ina njaa, angalau kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Jumanne, 13 Januari
Tumepima shule ya mtaani kwetu. Poldi wa dadangu Resi alikuwemo. Mifupa yake ililainika wakati wa vita, mgongo ukapinda. Nimemkalisha, nimesoma rula. Kafupi mno! Siqua ndogo, na kwa urefu huo uzito wake unaonekana mwingi. Daktari akasema huyu ameshiba, jikoni kwa Wamarekani, wanakolishwa watoto wenye njaa, haendi. Ameshiba! Miguu ile! Nikamwambia, mgongo, daktari, ni mgongo. Akajibu tukianza kukisia, kila mama atataka tumkisie wake.

Jumatano, 14 Januari
Resi alikuja. Hakuketi. "Rula ulishika wewe, Hermine. Wewe! Mtoto wa dada yako wa tumbo moja!" Akaondoka. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Ijumaa, 16 Januari
Nimewapelekea mkate wangu. Resi kagoma kufungua. Poldi akanisemesha kwenye tundu la ufunguo. Mama mdogo, mama ananining'iniza mlangoni ninyooke. Kwapa zinauma. Utumbo wangu umeshakua?
Nikasema, kidogo, mwanangu. Ningesema nini?

Jumatatu, 19 Januari
Hruby kakubali Poldi apimwe tena – mara moja tu, basi. Naandika huku tukimsubiri daktari. Harufu ya kakao inatoka jikoni, watoto wanameza mate. Resi yuko ukutani, hanitazami. Poldi ni wa tatu kwenye foleni. Zamu yake bado, lakini ameshabana pumzi, kidevu juu, anajivuta, machozi yanamtiririka. Resi anamnong'oneza: usipumue, mwanangu, usipumue.
Daktari kaingia. Anauliza tuko tayari?
Rula ninayo mimi.