Sharti la Akiki

Alhamisi, 5 Juni

Vidonge saa moja, uji saa mbili. Miguu imevimba tena mpaka magotini. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Daktari ameacha kupima sana, sasa ananifariji. Nimefundisha kemia miaka thelathini na mmoja. Najua maana yake.

Lifti ya jengo imekufa tangu Pasaka. Niko ghorofa ya tatu, Mchafukoge, kwa hiyo dunia yangu ni dirisha. Chini wanashusha marobota, wanatukanana, wanacheka, wanatukanana tena.

Upendo, mjukuu wangu ninayeishi naye, amenipa kazi. Kila Jumamosi mchana yeye na rafiki zake wawili hucheza sebuleni kwangu mchezo wa safari katika nchi isiyokuwapo. Upendo husimulia, wenzake husema wahusika wao watafanya nini, na dadu lenye pande ishirini huamua kama wamefaulu. Sasa wamefika kwenye milima ya vito. Anataka orodha ya mawe na nguvu zake za ajabu.

"Bibi, nani mwingine? Babu alikuwa sonara, halafu wewe umesoma."

Nimekubali. Nimefurahi kuombwa kitu kingine zaidi ya kumeza.

Jumamosi, 7 Juni

Mawe saba, kwa kalamu ya wino. Zumaridi hupofusha nyoka. Feruzi hupauka hatari inapokaribia. Yakuti haipoi, hata ndani ya maji ya barafu. Tanzanite ukiigeuza ina rangi tatu, basi anayeivaa huona njia tatu kabla ya kuchagua moja. Hiyo niliitunga mwenyewe na nikajipongeza.

Upendo akasoma, akasema bado. Kila jiwe liwe na sharti. Nguvu isiyo na sharti haina utamu, kila mchezaji atajaza mawe mfukoni na hakuna atakayeogopa chochote. Ana akili huyu mtoto.

Nikaongeza masharti. Nilipofika kwenye akiki nyekundu mkono ulikwenda wenyewe: *Huzuia mwili kuanguka. Sharti: akiki haishirikiani na dawa nyingine. Avaaye aitegemee peke yake.*

"Bibi, hii kali! Umeitoa wapi?"

Nikasema kichwani. Uongo. Sentensi ile ina umri mkubwa kuliko ndoa ya mama yake.

Jumapili, 8 Juni

Ibada kwa redio. Sikusikia mahubiri.

Niandike. Hakuna atakayesoma mpaka niwe nimekwenda.

Mume wangu alikuwa na duka la pete Kariakoo, upana wa mlango mmoja, chini ya ngazi. Yeye alikata mawe na kuyafunga kwenye fedha. Mimi nilikuja jioni kutoka shuleni. Biashara ilikuwa inalala. Siku moja nikamwandikia kadi ndogo ya kuweka ndani ya kila kijaluba: jiwe hili linafanya hivi, jiwe hili linafanya vile. Nikaiga lugha ya vitabu vya kale. Watu wakaanza kuja kutoka Temeke, kutoka Kigamboni kwa pantoni. Hawakuja kwa pete. Walikuja kwa kadi. Waliambiana, "Zimeandikwa na mwalimu."

Sikuamini hata neno moja. Rangi ya akiki ni kutu. Silika ya mchanga na kutu ya chuma. Zikiwa zimepauka tulizichoma kwenye mchanga juu ya jiko la mkaa mpaka zikawa nyekundu. Asubuhi nilikuwa ninafundisha watoto wa watu kuhusu kutu.

Jumatano, 11 Juni

Juzi na jana sikuandika. Nilikosa pumzi. Leo sina kisingizio.

Duka la jirani lilikuwa la kanga za jumla, na mwanamke mmoja wa Lindi alikuwa akifanya kazi ya kuzikunja. Mama Rehema. Rehema alikuwa na miaka kumi na mmoja na kifafa. Hospitali walikuwa wakimpa vidonge, na vilimsaidia, ila vilimfanya asinzie darasani na wenzake wakamcheka. Mama akanunua akiki. Akaisoma kadi papo hapo, polepole, kwa sauti. Akauliza mbele ya wateja wengine:

"Mwalimu, na vile vidonge vya hospitali?"

Nilikuwa na watu wanne wanasubiri. Na ningemwambia ukweli, wale wanne wangeusikia.

Nikasema, "Fuata kadi."

Maneno mawili tu.

Miezi minne baadaye Rehema alianguka uani akiwa peke yake, uso ndani ya beseni la kufulia.

Msibani mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Alisema pete ilimpa mtoto miezi minne ya kutosinzia darasani.

Tulipotoka matangani mume wangu aliuliza, "Tuache kadi?"

Nikamjibu, "Zinauza."

Niliandika kadi miaka miwili zaidi. Ile sentensi ya dawa niliiondoa, kimya kimya. Kwa hiyo nilijua. Mtu asiyejua haondoi sentensi.

Mama Rehema yuko hai. Anaishi Magomeni. Kila Idi ananitumia pakiti ya korosho kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja wa mtaani. Kila Idi nampa mlinzi wa jengo. Sijawahi kula hata moja.

Jumamosi, 14 Juni

Imetokea kwenye mchezo.

Kassim anauza makava ya simu Kariakoo na ana mdomo kuliko wenzake wote. Shujaa wake anaitwa Chuma cha Buguruni. Happy, anayesomea ushonaji, anacheza mganga mwenye kibuyu cha dawa ya uhai. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, nasikiliza. Chuma cha Buguruni alikuwa amevaa akiki. Joka likamkata tumbo. Upendo akamwambia jiwe limemzuia asianguke, lakini jeraha halijapona.

"Kunywa dawa," Happy akamwambia. "Fungua mdomo nikumiminie."

"Sinywi. Akiki haishirikiani na dawa nyingine. Sharti la Bibi hilo."

"Basi ivue!"

"Nikiivua naanguka."

"Oya, unakufa umesimama! Kunywa we mtu!"

"Bibi kaandika, mimi nani nibishe? Bibi ni mwalimu."

Akarusha dadu. Mbili kati ya ishirini. Chuma cha Buguruni akafa na kibuyu kimejaa pembeni yake. Wakapiga kelele, wakacheka mpaka Happy akatokwa machozi. Kassim akajilaza sakafuni kama maiti, akafunika uso kwa mto wangu wa kochi.

Uso ule uliofunikwa. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa. Chai ikamwagika.

Upendo aliwaondoa. Alidhani kelele ndizo zimeniumiza. Kassim alisimama mlangoni, "Bibi, nisamehe, nilikuwa natania tu." Anayepaswa kuomba msamaha alikuwa kwenye kiti, hakusema neno.

Jumapili, 15 Juni

Sikula.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwambia Upendo. Yote, hata "Zinauza". Nilimwambia nikitazama dirishani.

Hakulia. Aliuliza kitu kimoja: "Yeye anajua?"

"Hapana."

"Sasa unataka umwambie ili yeye apate nini?"

Ni swali ambalo ningejivunia kama mwanafunzi wangu angeliuliza. Nimelala nalo mchana kutwa. Mimi ningepata kufa bila korosho. Yeye angepata nini? Ana amani yake na pete yake na mwalimu wake wa zamani. Labda kunyamaza ndiyo heshima iliyobaki.

Au labda huo ni woga, nimeuvisha nguo ya Jumapili.

Jumanne, 17 Juni

Tutakwenda. Sina sababu nzuri. Nimechoka kushukuriwa.

Alhamisi, 19 Juni

Upendo aliajiri wapagazi wawili wa mtaani. Walinikalisha kwenye kiti cha plastiki, wakanishusha ghorofa tatu.

"Shikamoo Bibi," akasema wa mbele.

"Marahaba."

Wa nyuma akacheka. "Nimebeba mizigo Kariakoo miaka tisa, leo ndiyo mara ya kwanza mzigo unaitikia."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa siku ya leo. Bajaji mpaka Magomeni.

Mama Rehema amekuwa mdogo. Macho yana duara la bluu la uzee pembezoni, mgongo umepinda. Alinipokea kwa furaha iliyoniua. Akaagiza kashata, akamwambia Upendo, "Bibi yako huyu alimpa mwanangu siku nzuri." Upendo akatazama sakafu.

Nilisema haraka kabla ya chai. Kwamba pete haikuwa na nguvu yoyote. Kwamba nilijua. Kwamba dawa ndizo zilizokuwa zinamsaidia Rehema, na mimi ndiye niliyemwambia aziache, kwa sababu duka lilikuwa na wateja.

Hakupiga kelele. Alikaa. Halafu akaanza kusema, akimwelekea Upendo, kana kwamba mimi sipo.

"Siku ile nilimvua pete. Kidole kilikuwa kimevimba. Nikapaka sabuni, nikaitoa, nikaiweka dirishani, nikaenda sokoni. Niliporudi... Miaka yote hii najua nimemuua mwanangu kwa kumvua pete. Sijamwambia mtu. Hata baba yake alikufa hajui."

Sikuwahi kufikiria hilo. Nimeubeba mzigo wangu miaka yote nikidhani ni mmoja, na ni wangu.

"Kwa hiyo si pete," akasema, sasa akinitazama.

"Si pete."

"Ni vidonge."

"Ni vidonge. Na wewe uliuliza. Mimi ndiye niliyejibu vibaya."

Akainuka akishika ukuta, akaingia ndani. Tulisubiri muda mrefu. Nilidhani ndiyo tumeagwa. Akarudi na kipande cha kanga kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na pete, na kadi yangu. Imekuwa ya njano, lakini wino umekaa. Mwandiko mzuri. Nilikuwa na mwandiko mzuri sana.

"Naomba unisamehe," nikasema.

"Andika kwanza."

"Niandike nini?"

"Kwamba jiwe halina kazi. Kwa mkono huohuo. Maneno ya mdomo nitayasahau, Mwalimu, nimezeeka. Usiku nitarudi kulekule dirishani kwenye pete. Niliamini karatasi yako. Nipe karatasi."

Nilijaribu palepale. Mkono ulitetemeka, nikachora michirizi. Akaichukua kalamu mkononi mwangu, taratibu. "Nenda kapumzike. Uandike ukiweza. Usichelewe lakini."

Chai haikunywewa. Nyumbani wapagazi walinipandisha bila utani.

Jumamosi, 21 Juni

Hakuna mchezo leo. Nimeomba meza.

Karatasi ya kwanza, neno moja. Ya pili, mistari miwili, wino ukamwagika. Mchana nililala. Ya tano ndiyo hii, nainakili hapa nijue nilichotuma:

*Akiki ni jiwe. Wekundu wake ni kutu. Haizuii kifafa na haijawahi kukizuia. Mama Rehema alipomvua Rehema pete hakumdhuru. Vidonge vya hospitali ndivyo vilivyokuwa vinamsaidia. Mama yake aliuliza kama aendelee navyo. Mimi nilijua jibu na sikumpa. Niliyeandika kadi ya kwanza ndiye niliyeandika na hii.*

Kadi za zamani sikuwahi kuzitia jina. Hii nimeitia. Aikande, na jina la baba, na la ukoo.

Saa nne nzima kwa maneno machache. Zamani nilikuwa nikiandika kadi ishirini huku nikisahihisha madaftari.

Jumanne, 24 Juni

Upendo alikwenda Magomeni asubuhi. Mimi nilikaa dirishani nikiwahesabu watu wenye mabegi mekundu, kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kufanya kitu kingine.

Alirudi adhuhuri. Anasema Mama Rehema hakuipokea karatasi mara moja. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Akamwita jirani yake, mwanamke wa makamo, wakae wote watatu, akamwambia Upendo asome kwa sauti. Alipofika penye "hakumdhuru" akamkatiza. "Hapo. Rudia." Akarudia. Akamwambia arudie tena.

Halafu akaichukua, akaisogeza machoni, akauliza, "Mkono wake unatetemeka hivi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Lakini unasomeka."

Akaikunja akaiweka ndani ya kile kipande cha kanga. Kadi ya zamani akaichana. Pete akampa Upendo, "Mrudishie, ni mali yake."

"Hakusema kitu kingine?" nikauliza.

"Hakusema, Bibi."

Nilitaka Upendo anidanganye kidogo. Hakunidanganya. Ni vizuri.

Jumamosi, 28 Juni

Pumzi fupi leo. Mvua nyepesi asubuhi, kisha jua.

Nilimwambia Upendo awaite wenzake. Walikuja wakitembea kama wako hospitali, mpaka nikamwambia Kassim akifa tena afie kwa sauti, nimewazoea.

Nilikuwa nimeomba orodha nikaikata sentensi ya akiki. Upendo akasema sasa jiwe hilo limebaki tupu, liondoke kabisa. Nikamwambia aliache.

Kassim ana shujaa mpya, mdogo wake Chuma. Wakafika sokoni kwa muuza vito. Akaonyeshwa akiki.

"Ina nguvu gani hii?"

"Haina," akasema Upendo.

"Sharti?"

"Haina."

Akaifikiria. Pete yenyewe ilikuwa mezani, karibu na glasi yangu ya maji. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza.

"Nzuri lakini," akasema, akaiandika kwenye mali za shujaa wake.

Wakaendelea na safari. Nilisinzia katikati, nikaamshwa na dadu likianguka sakafuni. Walipoondoka Upendo aliniletea vidonge na mtori. Vinne. Nimemeza vyote.