Nilimwambia Viboko Wananitii

Siku ya kwanza, 7 Septemba
Nimefagia ufuko kama kila asubuhi. Hakuna mgeni. Hoteli imefungwa tangu vita, patron mwenye hoteli alikimbilia ng'ambo. Minye siondoki. Hakuna muntu Uvira yote anajua kuonyesha ziwa kama minye. Wazungu, mapadri, wakubwa wa Kinshasa, wote nimewatembeza. Viboko. Mahali mto Ruzizi inaingia, maji ya rangi mbili. Milima ya Burundi jua likipanda.

Siku ya pili, 8 Septemba
Mzee Rubeni ameshuka toka Rurambo na bibi yake. Kule juu iko risasi. Ng'ombe wote wamenyang'anywa, amebaki mmoja, amekuja naye. Wamelala kwenye baraza ya hoteli. Ziwa hajawahi kuliona.

Siku ya tatu, 9 Septemba
Nimemtembeza Rubeni. Bure! Alionja maji, akacheka. "Iko chumvi kidogo. Huyu wangu atakunywa." Mlimani ng'ombe bila chumvi hanenepi. Nikagonga kasia kwenye piroge, mtumbwi wangu, viboko wakainua vichwa. Wageni wote hupiga makofi hapo. Yeye akauliza, "Ni wako?" Nikasema, "Wa nani tena? Wananitii." Hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa, mfugaji kwa mfugaji. Nilifurahi sana.

Siku ya ine, 10 Septemba
Rubeni amekufa. Alfajiri alipeleka ng'ombe kunywa, katikati ya viboko. Bibi yake alimwita arudi. Akajibu: "Weye nyamaza. Hawa wana mwenyewe, na tunajuana." Kwao, ukipita kwenye kundi la mwenzako unasalimu. Aliinua fimbo, akasalimu. Jike lenye mtoto likamuuma. Ng'ombe alitoka mzima.
Viboko hawamtii muntu. Wanainua vichwa kwa sababu ya kelele. Najua hivyo tangu zamani.

Siku ya posho, Jumamosi 12 Septemba
Jana tulizika. Kaburi nilichimba peke yangu, na uzee huu. Vijana walitaka kusaidia, nikawafukuza. Leo nimemwambia bibi yake: "Mama, nilimudanganya mzee." Hakunitukana. Afazali angetukana. Kesho ataondoka, iko boti bandarini Kalundu, inaenda Kigoma. Ng'ombe hawapandishi. Akaniwekea kamba ya ng'ombe mkononi.

Siku ya Mungu, 13 Septemba
Boti imeondoka. Ng'ombe analia, uso kwenye milima. Kukamua sijui. Nimemkatia majani, mkononi mwangu amekataa. Nikayaweka chini. Nikampa mgongo, nikatazama maji. Muda mrefu. Kisha nikasikia anatafuna.