Kavata Amejisomea

Riruta, Nairobi

Kwako Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha iliyokataa kukaa kifuani. Goti linaendeleaje? Na mvua imewafikia huko Kitui? Sisi tuko wazima. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu tungelia tu na habari isingeisha. Mwambie mchungaji akusomee polepole.

Binti yako Kavata amepata kazi.

Unakumbuka alivyokuja kwangu kuitafuta, na watu hapo nyumbani wakauliza msichana asiyeona atafanya nini Nairobi. Basi kampuni moja ya bima kule Upper Hill ilimwita kwa mahojiano, kazi ya kujibu wateja kwa simu. Wakamtumia kwa simu kijitabu chao cha bima akisome kwanza. Unajua simu yake humsomea kwa sauti chochote kilichoandikwa. Alipokifungua, ikasema "picha", akasogeza, "picha" tena, hadi mwisho. Mtu alikuwa amepiga kurasa picha na kuzifunga pamoja kuwa PDF, kwa hiyo simu haikuona neno hata moja.

Nilitoka Karen kwenye miche ninayouza, nikamkuta ameketi kitandani. Nikamwambia nitamsomea mimi. Akakataa.

"Kazini hutakuwepo, Musyoka. Nataka kujisomea, na nisipoelewa nirudi nyuma mwenyewe."

Kwanza akapigia kampuni kuuliza kama kuna siri ndani, maana tulitaka kukigeuza kiwe maandishi kwa tovuti za watu. Wakasema hicho hupewa mteja yeyote. Jumamosi tukaenda kwa Njeri, mama mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa kando ya Naivasha Road. Akatafuta tovuti ya bure ya kugeuza PDF iwe Word. Ikageuza haraka, tukafurahi, kumbe ndani ni picha zilezile zimehama nyumba tu. Njeri akakuna kichwa, akasema kuna nyingine zinazosoma herufi zilizo ndani ya picha. Tuliyoipata ikakataa: faili ni kubwa mno kwa asiyelipa. Tukalikata vipande, tukapandisha kimoja kimoja, kisha tukaviunga.

Na hapo, Mwaitu, simu ikaanza kusoma. Kavata alinishika mkono akaubana. Ilisoma vibaya, "bima" imekuwa "birna", majedwali yamechanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri, lakini ilisoma. Tukakaa mpaka alasiri: yeye anasikiliza, akisikia neno la ajabu ananiambia, nami natazama picha na kurekebisha. Njeri alituletea chai na hakutuharakisha.

Siku ya mahojiano nilimsindikiza, nikangoja mapokezi. Alinisimulia baadaye. Mama aliyemhoji alimuuliza mteja akilazwa hospitali bila kadi afanye nini. Kavata akajibu, akataja na sehemu jibu lilipoandikwa. Yule mama akauliza ni nani aliyemsomea.

"Nimejisomea," Kavata akasema, akamweleza tulivyogeuza.

"Naomba nakala hiyo," mama akamjibu. "Tuna wateja wasioona, na hatukuwahi kufikiria wanasomaje."

Alitoka na fimbo yake mbele, kichwa juu, akanipita mimi kakake bila kujua niko pale. Nikamwita, akacheka mpaka askari wa mlangoni naye akacheka. Wiki hii wamempigia: anaanza Jumatatu.

Nisalimie shangazi mshonaji, mjomba na ng'ombe wake, na binamu anayefundisha watoto wadogo wa nasari. Yule jirani aliyekushauri umfiche Kavata ndani alipokuwa mdogo, msalimie pia, bila maneno mengi. Wewe ulimpeleka shule hata hivyo, na haya yote ni yako.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Musyoka

Mwaitu, ni mimi Kavata. Haya nimeyaandika mwenyewe kwa simu, Musyoka ameyachapisha tu. Leo nimepita kazini kabla ya kuanza, wamenionyesha meza yangu, na njia ya kutoka mlangoni hadi hapo nimeshaijua. Ukija, mimi ndiye nitakayekupeleka.