Karatasi Niliyompa Idi Asaini

Salma, mdogo wangu,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu habari niliyonayo si ile uliyoitaka. Siku ile hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Kaka, Tunu aingie shule ile. Mengine utajua mwenyewe." Nikakuitikia. Sasa ni Septemba, mwaka wa shule umeanza, na Tunu hayupo pale.

Nikueleze taratibu, unanijua. Shule ile ya hapa Richmond Hill ni ya serikali, lakini ina milango miwili. Mtoto anayeishi mtaani na mzazi au mlezi wake wa kisheria huandikishwa tu. Wa mbali hufanya mtihani, na nafasi zao ni chache. Baada ya arobaini yako nilimleta Tunu akae kwangu, nikahesabu mlango wa kwanza umefunguka. Mjomba kukaa na mtoto wa dada yake, kwetu nani huuliza hati?

Karani wa shule aliniuliza kama mtoto anaishi kwangu. Nikampa historia nzima: kwamba baba yake yupo Flemingdon Park, mbali na mtaa huu, mzima, anafanya kazi kiwanda cha mikate Rexdale, na kila Jumamosi anakuja kumwona. Yule mama alinisikiliza kwa heshima, kisha akanipa karatasi. Baba aseme mbele ya wakili kwamba amenikabidhi malezi yote.

"Mjomba, si ungejibu alichouliza!" Tunu alinifokea kwenye ngazi. Kwa Kiingereza, bila shaka.

Ningepaswa kuirudisha karatasi ile palepale. Sikuirudisha, Salma. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Mumeo Idi alikuja Jumamosi akiwa bado na sare ya kazi. Nikamsomea kifungu kwa kifungu, kama nilivyokuwa nikifundisha Morogoro. Aliangalia meza tu. Nilipofika "ninaacha haki ya kuamua juu ya mtoto," alifuta viganja kwenye suruali, akasema, "Shemeji, nipe kalamu." Nikampa. Mimi, kwa mkono wangu.

Tunu akaifunika karatasi kwa kiganja. Huyu mwanao anaelewa kila neno na hujibu kwa Kiingereza siku zote. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili, "Baba, usisaini. Mama ameshaondoka. Na wewe unaniacha?"

Idi akainamisha kichwa. Kisha akanirudishia kalamu bila kusaini.

Ukabaki mtihani, na wiki tatu. Tulipiga hesabu kila alasiri mpaka Tunu akawa hataki kuniona. Siku yenyewe mimi na Idi tulisimama nje kwenye baridi saa mbili nzima. Majibu yalipotoka, jina lake halikuwemo.

Amerudi Flemingdon kwa baba yake, anasoma shule ya jirani. Kila Jumatano nabadili mabasi kwenda kumfundisha, maana mwakani kuna nafasi chache tena na mwenyewe anasema atajaribu. Akiingia, atakuwa anatoka kwa baba yake alfajiri kwa basi. Akikosa, Idi atakuwepo mezani akimsubiri.

Nisamehe, mdogo wangu. Ulichoniomba sikukitimiza. Nakuahidi hiki badala yake: mwanao sitamtenga tena na baba yake, hata kwa jambo jema, hata kwa jina lako.

Mungu akulaze pema.

Kaka yako,
Hamisi